Majani Thelathini Mlangoni

"¿Y él quién es?"

Na huyu je, ni nani? Swali lenyewe dogo tu. Profesa Canul, mama mfupi mwenye kofia pana, mtahini mgeni kutoka Yucatán kule Meksiko, aliliuliza akitabasamu huku akimwonyesha kijana aliyekuwa anawajia kati ya mistari miwili ya makonge. Kisu cha kukatia kilikuwa mkononi, ovaroli imechanika gotini, meno yote nje kwa furaha.

Kijana huyo alikuwa Fanuel Mwakio, mpenzi wa Mbinya. Wazee wake walikuwa wateremke kutoka Sagalla Jumamosi ya wiki iliyofuata, na mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao binti wa Kikamba asipoletewa hahesabiki ameolewa hata azae timu nzima ya mpira.

Na Mbinya Muinde, pamoja na usomi wake wote na Kihispania chake cha kuringia, alifungua mdomo akasema:

"Es un peón, nada más."

Ni kibarua tu, basi.

Jamani! Ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo uliponda moyo wa mtu. Alisema kwa Kihispania ili Fanuel asielewe, na akasema haraka, kama mtu anayeficha sufuria chafu mgeni akibisha hodi.

Fanuel alisimama. Akawatazama wageni wawili, Profesa Canul na Daktari Alexander Kituku, mhadhiri wa Mbinya kutoka Nairobi. Halafu akamtazama Mbinya.

"Karibuni shambani," alisema taratibu. "Bienvenidos."

Akageuka na kurudi alikotoka.

"Kijana ana adabu," Daktari Kituku alisema. "Lakini hilo neno amelitoa wapi?"

Mbinya aliwaongoza mbele haraka. Alijua lilikotoka. Lilitoka kinywani mwake yeye mwenyewe, Jumapili baada ya Jumapili, kwa miezi minane.

Saa kumi na moja jioni simu ikalia. Ujumbe wa Fanuel.

"Hiyo sentensi ni ya yule mwenye shamba wa kitabuni. Sura ya tatu. Ulinisomea mara tatu kwa sababu nilikataa kuamini mtu anaweza kusema hivyo juu ya Eusebio mbele yake. Nilidhani unanisomea kitabu. Kumbe ulikuwa unanionyesha nitakavyokuja kuitwa."

Mbinya alikaa chini palepale mlangoni kwao.

Sasa ngojeni kidogo, msimhukumu msichana kabla hamjajua walikotoka hao wawili.

Mbinya alikuwa anasomea shahada ya uzamili katika riwaya mpya za Kihispania. Ndiyo, hapa Voi, binti wa Mama Syombua auzaye ndengu, yaani pojo, sokoni. Watu walimcheka sana. "Kihispania utamwongelesha nani, ndovu wa Tsavo?" Yeye akaendelea. Kitabu alichokichagua kilikuwa riwaya ya juzijuzi tu kutoka Yucatán, inayosimulia Eusebio na wakata henequén wenzake, na henequén ni ndugu wa damu wa mkonge wetu. Asili ya mkonge ni huko kwao. Ulivuka bahari ukaja kwetu, ukajaa Voi na Mwatate mpaka tukasahau kuwa ni mgeni.

Sasa kitabu kile kilinuka mkonge kila ukurasa, na Mbinya, msomi wa watu, hakuwa amewahi kusogelea jani lililokatwa. Siku moja akafunga safari ya miguu hadi shambani.

"Habari ya kazi," alimwambia kijana wa kwanza aliyemwona. "Samahani, naomba kunusa jani."

"Kunusa?"

"Ndiyo. Ni mambo ya masomo."

Fanuel alimtazama juu mpaka chini. "Dada, watu huja hapa kuomba kazi. Wewe umekuja kuomba harufu?"

"Nimekuja kuomba harufu."

"Basi shika. Ni bure. Lakini angalia utomvu, unawasha."

Ulimwasha. Alijikuna wiki nzima, na kila akijikuna alimkumbuka kijana yule. Mapenzi mengine huanza na maua. Haya yalianza na upele.

Kuanzia hapo kila Jumapili baada ya kanisa walikutana penye reli ndogo ya zamani, ile iliyokuwa ikibebea mkonge. Mbinya alisoma kwa Kihispania kwanza, sentensi nzima, polepole, kisha akaigeuza kwa Kiswahili. Fanuel alilala chali, kofia usoni. Jua lililegea juu ya Mlima Ndara na mistari ya makonge ikanyooka hadi macho yakachoka, na kulikuwa na saa ambayo Mbinya hakuwa na hakika tena yuko wapi. Usiku aliota mistari ile haikomi. Inapita Voi, inapita Mombasa, inaingia majini na kutokea upande wa pili, na huko upande wa pili Eusebio anainua kofia usoni na ni Fanuel.

"Nimekuota tena," alimwambia.

"Nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa unakata mkonge katikati ya bahari."

"Hata ndotoni unanifanyisha kazi! Siku moja niote nimekaa."

Mle kitabuni Eusebio alimpenda Amparo, mtumishi wa nyumba ya mwenye shamba. Alfajiri moja aliweka fungu la majani mlangoni pake, akaondoka bila neno. Sura ikaisha. Maprofesa wote walioandika juu ya kitabu hicho walisema kitu kimoja, kwamba yale majani ni kwaheri. Mbinya naye alikuwa ameandika hivyo.

"Ni kwaheri?" Fanuel aliondoa kofia usoni. "Majani ni mangapi?"

"Thelathini."

"Yamefungwa?"

"Yamefungwa."

"Basi hao maprofesa wako hawajawahi kukata mkonge. Hapa kambini mtu akiugua, au akifiwa, wenzake humkatia fungu moja la majani thelathini na kuliweka kichwani mwa laini yake, ule mstari anaoukata. Maana yake, nafasi yake ipo. Anarudi. Asipewe mtu mwingine."

Mbinya aliufungua tena ukurasa ule. "Kwa hivyo Eusebio..."

"Eusebio haagi. Anamwambia Amparo, nishikie nafasi yangu. Mbona iko wazi hivyo?"

Mbinya alimkumbatia mpaka kitabu kikaanguka mavumbini. Alirudi nyumbani akafuta sura ya nne yote na kuiandika upya. Lakini pale pa kueleza alikotoa hekima hiyo, kwenye tanbihi ya arobaini na moja, aliandika, "Mkata mkonge mmoja wa Voi alieleza." Hakutaja jina. Alijiambia ndivyo wasomi wanavyoandika. Uongo! Aliona haya. Profesa Canul alikuja na habari ya nafasi ya masomo ya uzamifu mjini Mérida, na Mbinya aliogopa mama huyo atacheka moyoni akisikia tasnifu nzima imeshikiliwa na mchumba mwenye ovaroli ya viraka.

Basi baada ya ule ujumbe alipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Kufikia Jumamosi alikuwa amepiga mara kumi na tisa. Jumapili alienda penye reli na kitabu mkononi, akakaa peke yake hadi miguu ikafa ganzi. Alipofika nyumbani jibu likaja.

"Nimewaambia wazee mbuzi wapumzike kwanza. Soma vizuri kwa ajili ya mtihani wa kesho. Utapita."

Hilo la mwisho ndilo lililomliza. Angemtukana, ingekuwa nafuu.

"Unalia nini?" mama yake aliuliza, ungo wa ndengu mapajani.

"Mama, mbuzi hawaji."

Syombua aliweka ungo chini. "Amepata mwingine?"

"Hapana. Mimi ndiye nimekosa. Wageni waliniuliza ni nani, nikasema ni kibarua tu."

"Mbele yake?"

"Mbele yake. Kwa Kihispania."

"Kwa hivyo tusi likivaa koti linakuwa salamu?" Syombua alitikisa kichwa. "Mwana wakwa, baba yako Muinde alikuja hapa Voi kubeba mizigo stesheni. Mgongo huo ndio uliokununulia daftari la kwanza. Ningesema ni mpagazi tu, wewe ungekuwa wapi leo?"

"Nifanye nini, mama?"

"Mimi sijasoma. Kitabu ni chako, kiulize."

Jumatatu Nairobi, siku ya kutetea tasnifu. Ukumbi ulikuwa mdogo, viti vingi, wanafunzi wamekuja kusikiliza. Mlangoni msichana anayeitwa Lynn alikuwa akiandika vitambulisho vya kuvaa shingoni.

Mbinya alieleza kazi yake kwa dakika thelathini, sauti haikutetemeka. Kisha Profesa Canul akavua miwani. Aliuliza kwa Kihispania, Daktari Kituku akiwafasiria waliokuja kusikiliza.

"Tanbihi ya arobaini na moja. Miaka sita tumefundisha kwamba yale majani ni kwaheri. Babu yangu alikata henequén tangu utotoni hadi anazikwa, na bado mimi nilisoma ukurasa huo nisione kitu. Wewe umeona. Huyu mkata mkonge mmoja, hana jina?"

Mbinya angeweza kusema mwenyewe aliomba jina lake lisitajwe. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, na hakuna ambaye angejua.

"Ana jina," alisema. "Mlimwona. Ni yule niliyewaambia ni peón."

Profesa Canul aliiweka miwani mezani.

"Babu yangu aliitwa hivyo maisha yake yote," alisema. "Siku ile uliniuma, binti. Nikanyamaza kwa sababu mimi ni mgeni kwenu."

Uso wa Mbinya ukawaka moto. Mtu aliyemwonea haya, kumbe ni mjukuu wa kibarua!

"Anaitwa Fanuel Mwakio," alisema, safari hii kwa sauti. "Alinifundisha sura ya nne yote. Na ni mchumba wangu. Au alikuwa, sijui. Nilimkana mbele yenu kwa sababu niliwaogopa. Kazi yangu nzima inasema watu hawa wanajua mambo ambayo wasomi hawayajui, na mimi mwenyewe sikuyaamini niliyoyaandika."

Walimtoa nje, wakashauriana, wakamwita.

"Umepita," Daktari Kituku alisema. "Kuna sahihisho moja. Tanbihi ya arobaini na moja iwe na jina."

"Na ile nafasi ya Mérida tutazungumza," Profesa Canul aliongeza. "Lakini kwanza nenda kwenu."

Mlangoni Mbinya alimwendea Lynn.

"Niandikie kitambulisho kingine. Fanuel Mwakio. Chini yake weka 'Mwalimu'."

"Sawa. Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko Voi, amenikasirikia. Andika tu."

Jumanne alipanda treni ya kurudi. Alfajiri ya Jumatano, giza halijaisha vizuri, Syombua alisikia mtu anakatakata ua wake. Ule ua wa makonge alioupanda marehemu Muinde kuzunguka kiwanja. Akatoka na leso begani.

"Mbinya! Ua wangu umekukosea nini?"

"Nahitaji majani thelathini, mama!"

"Kwa panga la kuni?"

"Ndilo nimepata!"

"Umejitoa damu, angalia mkono!"

"Najua! Usiniangalie, hesabu!"

Mama akahesabu. Sijui kama umewahi kumwona mama wa Kikamba aliyesimama alfajiri akihesabia mtu anayeua ua wake. Hakuuliza swali jingine. Walipofika mwisho Mbinya hakuwa na kamba ya kufungia, kwa hivyo akachukua kile kitambulisho cha Fanuel akafungia utepe wake.

Akalibeba fungu begani hadi kambini. Miiba ilimchoma shingo, utomvu ukamwasha, na njiani ile ndoto ya kitabu ikamjia tena ingawa alikuwa macho. Mistari ikanyooka pande zote, ukungu mwembamba umelala juu yake, na hakujua ni vumbi la Voi analokanyaga au la Yucatán. Alijua tu mlango anaoutafuta. Wa tatu, wa bati, wa buluu.

Akaweka fungu chini mlangoni. Kitabuni Eusebio aliondoka. Mbinya hakuondoka. Alikaa pembeni ya fungu lake akangoja.

Mlango ukafunguka. Fanuel alikuwa tayari na ovaroli, kikombe cha chai mkononi. Akatazama fungu. Akamtazama Mbinya, shingo yote mikwaruzo. Akachuchumaa, akahesabu kwa kidole.

"Ishirini na nane," alisema.

"Haiwezekani! Mama amehesabu!"

"Mama anajua debe la ndengu. Haya ni ishirini na nane." Akainua jani moja dogo, laini, la kijani kibichi. "Na hili umelitoa katikati kabisa. Hilo ni toto, halikatwi. Na miiba hukuondoa. Nani alikufundisha kukata?"

"Mwalimu wangu alinikasirikia kabla hajafika hapo."

Kona ya mdomo wake ilicheza, kisha akakaza uso. Wakata mkonge walikuwa wameanza kutoka vyumbani, visu mikononi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na haraka ya kwenda kazini tena. Mbele yao alisimama Mama Alice, mkongwe wa kambi, aliyekata mkonge kabla Fanuel hajazaliwa.

"Mbinya," Fanuel alisema, "hii ni nini? Umekuja kuniaga?"

"Uliniambia wewe mwenyewe maana yake."

"Nataka kusikia."

Mama Alice akadakia. "Fanuel, usijifanye mgeni! Fungu likiwa mlangoni, mwenye nafasi anarudi. Msichana anasema nafasi yake msimpe mtu. Una mtu mwingine unataka kumpa?"

"Sina, mama."

"Basi?"

Fanuel alisimama. Macho yalikuwa yamelowa, na hakuyaficha.

"Siku ile aliulizwa mimi ni nani," aliwaambia wote, akimtazama Mbinya peke yake. "Akajibu kwa lugha ambayo hapa ni mimi tu ninayeielewa. Nililala na jibu hilo peke yangu siku sita, sina hata wa kumweleza. Leo aulizwe tena. Na ajibu kwa Kiswahili."

Kuku mmoja akapita katikati yao bila adabu.

"Mbinya," alisema, "mimi ni nani?"

Mbinya aliinuka. Magoti yalikuwa na vumbi, na sauti ilikuwa ndogo.

"Huyu ni Fanuel Mwakio..."

"Sauti!" mtu akapiga kelele. "Huku nyuma hatujasikia!"

"HUYU NI FANUEL MWAKIO!" Sasa alikuwa analia wazi. "Ni mwalimu wangu. Ni mchumba wangu. Kila kitu kizuri nilichoandika nimekitoa kwake. Na nilimwita kibarua tu, mimi ambaye baba yangu alikuwa mpagazi! Niliona haya kwa jambo lisilo la kuonea haya. Nisamehe, Fanu. Jina lako nimelitaja Nairobi mbele ya watu wote, lakini najua Nairobi hukuweko. Ndiyo maana nimekuja kulitaja hapa."

Fanuel aliinama kwenye fungu, akaugusa utepe. Akakigeuza kile kitambulisho na kusoma jina lake, na neno lililokuwa chini yake. Alilisoma kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili, maana ni neno moja tu.

"Fanuel, tutachelewa laini!" Mama Alice alisema, akijifuta macho kwa mkono wa sweta. "Amua!"

Fanuel akaingia ndani. Mbinya alifunga macho. Fanuel alitoka na kisu chake, akapita hadi kwenye mkonge mmoja uliojiotea nyuma ya vyoo, akainama chini kabisa ya shina. Chwa! Chwa! Majani mawili marefu yaliyokomaa. Akapunguza miiba, akarudi, akayachomeka ndani ya fungu na kukaza utepe upya.

"Thelathini," alisema.

Kambi nzima ikapiga mayowe na vigelegele. Mbinya alimrukia shingoni, na utomvu ukawapaka wote wawili.

"Tutawashwa wiki nzima," Fanuel alimwambia sikioni.

"Wacha tuwashwe."

"Na Mérida?"

"Hawajanipa bado. Wakinipa nitakwenda nikarudi. Utanishikia nafasi?"

"Fungu utaliacha mlangoni?"

"Nitaliacha. Thelathini kamili, na mama asihesabu."

Fanuel akacheka, kile kicheko chake cha penye reli, halafu akatoa simu mfukoni akampigia baba yake Sagalla, akamwamkia kwa lugha yao.

"Kwawuka mana, baba. Wale mbuzi... ndiyo. Hapana, wamepumzika vya kutosha. Jumamosi."

Mbinya naye akampigia wa kwake.

"Mama, Jumamosi wageni wanakuja."

"Na mbuzi?"

"Na mbuzi."

Upande wa pili Syombua akasema, "Basi mwambie Fanuel aje mapema, kabla ya wazee. Kuna pengo kubwa kwenye ua wangu, na mbuzi wa watu watatoroka."